Rupia yako ni orijino, sawa, lakini imefanyiwa nini?

Watu wa huku kwetu Mwanza wakinitumia picha ya hela ya zamani swali huwa ni lile lile, "kaka hii ni orijino au feki?", na nikijibu orijino basi mtu anaona kamaliza kazi, anaanza kupigia hesabu kiwanja Buhongwa. Leo nataka niandike kwa kirefu maana nimechoka kujibu meseji moja moja. Uorijino ni nusu tu ya habari na mara nyingi siyo ile nusu yenye pesa. Nimeshika rupia za Mjerumani, hela ya wakati wa ukoloni wake, za kweli kabisa, za madini ya fedha (silva), ambazo hazizidi bei ya uzito wake mezani kwa sonara, kwa sababu kuna mtu kaisugua, au kaitoboa, au kaichomelea pete ya kuning'iniza shingoni, au muuzaji kaiita "mpya haijatumika" wakati Kaisari, yule mfalme wa Wajerumani aliyechorwa mbele, hana tena masharubu.

Tuanze na zinazopatikana. Ukizunguka Mlango Mmoja, Makoroboi, ukaenda mpaka Ukerewe na Sengerema, hela za zamani unazokutana nazo ni zile zile tu. Kuna rupia za Mjerumani. Za mwaka 1890 mpaka 1902 ni za ile kampuni yao, Deutsch-Ostafrikanische Gesellschaft, mbele Wilhelm II na kofia yake ya chuma, nyuma simba na mtende. Kuanzia 1904 ni za serikali yenyewe, nyuma imeandikwa thamani katikati ya matawi, na hapo ndipo rupia ikagawanywa heller 100, kabla ya hapo ilikuwa pesa 64. Kuna heller zenyewe, kuna senti za Mwingereza zenye tundu, shilingi yake ya simba, alafu hela za Nyerere zilizoanza 1966. Mara moja moja inatokea ile dola kubwa ya fedha yenye mama mnene, imeandikwa 1780, na mwenyewe anakuapia ina miaka zaidi ya mia mbili. Hiyo ni dola ya Maria Theresa, malkia wa Austria, na mwaka 1780 ulibaki pale pale kwenye chapa hata zilipoendelea kupigwa karne ya 19 na ya 20, Vienna, London, Bombay, Rome na kwingine. Yaani inaweza kuwa halali kabisa, na ikawa changa kuliko babu yako.

Kabla sijafika kwenye feki niseme kidogo kuhusu bei maana ndiyo inayoleta wazimu wote huu. Mtu ameona video YouTube, Edward wa nane, mfalme aliyeachia kiti Desemba 1936, pauni moja yake ya dhahabu ilinunuliwa pauni milioni moja mwaka 2020. Kweli ilitokea. Sasa anafungua kopo la bibi anakuta senti kumi yenye tundu imeandikwa EDWARDVS VIII, 1936, anapiga simu anatetemeka. Ndugu yangu, Uingereza kwenyewe hela za Edward VIII hazikuingia sokoni, ndiyo maana ni adimu, lakini hizi za Afrika Mashariki zenye tundu hazikuhitaji picha ya mfalme kwahiyo zilipigwa nyingi tu na zikatumika, senti tano na senti kumi, na leo ukiikuta imechakaa bei yake inazungukia pale pale kwenye soda. Ukiona ina kiherufi H au KN hizo ni alama za viwanda vya Birmingham, Heaton na King's Norton, siyo alama ya utajiri.

Na rupia. Rupia ya mwaka wa kawaida yenye hali ya wastani inauzwa makumi ya dola tu. Hizi habari za rupia inayovuta mchele, rupia inayozima tochi, rupia ambayo Mwarabu fulani hotelini Dar anaitafuta kwa milioni mia, huo ni utapeli na una hatua zake. Unaambiwa mnunuzi yupo, unaambiwa mtaalamu anakuja kupima na mashine, unaambiwa ulipie nauli na "kemikali". Fedha haivuti kitu. Mchele ukishikamana na sarafu yako basi angalia kama sarafu ina mafuta.

Haya, feki. Watu wengi wanakagua uso, wanaangalia kama Kaisari anafanana. Uso ndiyo kitu rahisi kuiga, anayetengeneza feki anakuwa na sarafu halisi mkononi, anatoa umbo, anamimina au anachonga chapa, uso unatokea. Mimi naanza na ukingo. Rupia ina vijino pembeni, vimenyooka, vina kina sawa kuzunguka sarafu nzima. Feki ya kumimina kwenye umbo la vipande viwili inaacha mstari katikati ya ukingo pale vipande vilipokutana, na fundi anayejua kazi anaupiga msasa mstari ule, sasa unakuta sehemu moja vijino vimelala au havipo. Alafu uwanda wa sarafu, ile sehemu tupu kati ya picha na maandishi, weka lensi. Ya kumimina inakuwa na vitundu vidogo vya hewa na ngozi isiyo laini, herufi zake miguuni zimejaa hazina kona kali. Ya kweli ilipigwa kwa mashine, metali imesukumwa, herufi zinasimama wima kutoka kwenye uwanda.

Soma pia maandishi na mwaka. Rupia mbili kwa mfano, ile kubwa, ilipigwa 1893 na 1894 basi. Ukiletewa rupia mbili ya 1902 usipoteze muda. Rupia moja yenye simba na mtende alafu mwaka 1910, hiyo haipo, 1910 simba alikuwa ameshaondoka nyuma. Kwenye hizi za serikali kuna herufi ndogo, A ni Berlin na J ni Hamburg, na siyo kila mwaka viwanda vyote viwili vilipiga, kwahiyo katalogi inakusaidia, na siku hizi zipo bure kwenye simu hakuna sababu ya kubahatisha.

Baada ya macho ni mizani. Rupia ni gramu 11.66, upana milimita 30 na kidogo, fedha asilimia 91.7. Rupia mbili ni gramu 23.32. Iliyotumika sana inapungua, unakuta 11.5 au 11.4, sawa, lakini nikiona tisa na kitu sina haja ya kuendelea. Mizani ya kupimia dagaa haifai hapa. Tafuta ya kusoma sehemu ya mia ya gramu, na bahati nzuri sisi tuko kanda ya dhahabu, Geita ipo hapo ng'ambo, sonara yeyote mjini anayo na wengi hawana choyo ukienda saa ambayo hana wateja.

Na sonara ndiye aliyenionyesha kipimo cha maji ambacho nakiamini kuliko vyote. Nikueleze kilivyokwenda na rupia ya mama mmoja wa Ukerewe, maana mkasa wake una kila kitu. Alikuja na meli, kaifunga kwenye pembe ya kanga mafundo mawili, kaelekezwa kwangu na mtoto wa dada yake. Nikamwamkia, akaitikia marahaba mwanangu, akafungua, rupia ya 1911, inawaka. Yaani inawaka kabisa. Nikajua tayari kuna jambo, ila nikanyamaza kwanza tukaenda kwa sonara.

Mizani ikasema 11.40. Sonara akaweka glasi ya plastiki yenye maji juu ya mizani, akabonyeza ikarudi sifuri, akafunga rupia kwa uzi mwembamba wa kushonea akaishusha ndani ya maji ikaning'inia katikati, isiguse chini wala pembeni, akaitikisa kidogo viputo vya hewa vitoke. Mizani ikasoma 1.11, ndiyo uzito wa maji yaliyosukumwa na rupia. Hapo unagawanya, 11.40 kwa 1.11, unapata kama 10.3. Fedha ya kiwango hicho ndiyo iko hapo kwenye 10.3. Ingekuwa kopa na nikeli ungepata 8.9, shaba njano kama 8.5, na ingekuwa risasi imepakwa fedha ingepanda juu ya 11. Huwezi kuidanganya hesabu hiyo kirahisi kwa sababu anayeongeza uzito itabidi anenepeshe sarafu, akinenepesha maji yanamuumbua. Mama akauliza, kwahiyo ni yenyewe? Nikamwambia ni yenyewe mama, hiyo haina ubishi.

Sasa lensi. Kwanza ule mng'ao. Ukisugua fedha kwa majivu, kwa limao, kwa dawa ya mswaki, kwa stili waya, inang'aa yote kwa pamoja bila kina, inang'aa kama sufuria iliyopigwa mchanga wa ziwani, na chini ya lensi unaona mikwaruzo myembamba sana imelala upande mmoja, inapita juu ya shavu la Kaisari na inaendelea uwandani bila kukatika. Sarafu iliyozunguka mikononi mwa watu haichubuki hivyo, inachubuka huku na huku bila mpangilio. Kwenye mashimo ya herufi, ndani ya O ya IMPERATOR, palikuwa na kitu cheupe kimeganda. Nikauliza mama mliisafisha? Akasema kijana mmoja dalali alimwambia aisafishe na dawa ya mswaki ili mnunuzi aipende, ndiyo huyo huyo aliyemwambia ina thamani ya milioni tatu.

Alafu nikaigeuza nikaangalia ukingo, pale juu ya kofia, saa sita kamili. Vijino kama vinne havipo, pamekuwa laini, na kuna rangi ya kijivu tofauti na fedha inayozunguka. Nikageuza nyuma, sehemu ile ile, kivuli cha ule ule ukijivu. Risasi ya kuchomelea. Nikamuuliza, hii iliwahi kuvaliwa? Akacheka, akasema, "Bibi yake mume wangu alikuwa nayo shingoni mpaka anazeeka, ile pete ilikatwa mwaka jana ili ionekane hela. Mwanangu niambie tu bei." Nikamwambia ukweli, mama, mkusanyaji ataichukua kwa bei ya madini yake na kidogo cha heshima, milioni tatu haipo, hata ingekuwa haijaguswa isingefika huko. Akaifunga tena kwenye kanga. "Basi nitavaa mwenyewe," akasema, na akamwomba sonara ampe bei ya kurudisha pete. Kwa kweli niliona ni uamuzi wenye akili kuliko wa wengi.

Hizi za kuning'iniza zipo nyingi sana, tena zile zilizotobolewa alafu tundu likazibwa. Tundu likizibwa na fundi mzuri unaweza kulipita bila kuliona, ila ukiegemeza sarafu kwenye mwanga wa dirishani unaona duara, rangi inatofautiana kidogo, na picha pale imechongwa upya kwa mkono, mistari haina ukali wa wenzake. Pima pia mlio. Iweke juu ya ncha ya kidole uigonge kidogo na kalamu, fedha nzima inalia kwa sauti ndefu nyembamba, yenye ufa au iliyozibwa inakata. Usiidondoshe sakafuni kama wanavyofanya wale jamaa, unaharibu ukingo wa kitu unachotaka kununua.

Sumaku nayo ina mipaka yake. Watu wanatembea na kisumaku cha spika wanagusa kila kitu, ikishika wanatangaza feki. Kwa rupia na heller ni sawa, fedha, shaba na kopa-nikeli havishikwi. Lakini baadhi ya shilingi zetu za miaka ya karibuni ni chuma kilichopakwa metali nyingine juu, zinashika, ile mia tano ya Karume na nyati iliyoingia 2014 inashika pia na ni halali, kwahiyo sumaku usiigeuze sheria. Na kutoshika siyo ushahidi wa ufedha, hata risasi haishiki.

Kuna hela moja inayoonewa sana kwa habari hii ya feki, nayo ni shilingi ya simba. Kuanzia 1921 mpaka 1946 shilingi ile ilikuwa na fedha asilimia 25 tu, iliyobaki zaidi ni shaba. Ilipokuwa mpya uso wake ulikuwa mweupe kwa sababu ngozi ya juu iliachwa na fedha nyingi kuliko ndani. Ikitumika, pale panapogusana zaidi, mgongo wa simba, shingo ya mfalme, ngozi inaisha na unaona unjano au wekundu unachungulia. Kijana akiona vile anasema hii imepakwa, ni kopi. Hapana bwana, ni yenyewe, imechakaa tu, na ule unjano ndiyo uzee wake wa kawaida. Kuanzia 1948 wakaacha fedha kabisa wakaenda kopa-nikeli, hizo ndizo zinabaki na rangi moja mpaka zinaisha. Kwahiyo shilingi ya 1922 iliyochakaa sana alafu nyeupe pee kila mahali ndiyo ingenitia mashaka mimi, ningeuliza nani kaipaka tena fedha.

Na ya pili inayoonewa ni heller 20 ya Tabora. Hii naipenda niseme wazi. Mwaka 1916 Wajerumani wamezibiwa bahari, hela haziji tena kutoka Ulaya, wakaanza kupiga zao wenyewe kwenye karakana ya reli Tabora, heller 5 na heller 20, zina herufi T. Ni kazi ya haraka ya vita. Taji limelala, herufi zimevimba, chapa nyingine haikukaa katikati, metali ina madoa na unene haulingani. Ukiichukua kwa macho ya rupia ya Berlin utasema feki ya mtaani. Tena zipo za shaba nyekundu na za shaba njano, na ndani yake kuna chapa mbalimbali, taji kubwa na dogo, umbo la herufi L, wakusanyaji wanagombana kwa hayo. Kwahiyo heller 20 ikiwa nzuri sana, kila kitu kimekaa sawa, ukingo umenyooka, mimi ndiyo natoa lensi mara mbili.

Ila ndugu yake wa dhahabu ndiyo kisima cha matapeli. Rupia 15 ya tembo, 1916, imepigwa karakana ile ile, dhahabu ya mgodi wa Sekenke, vipande 16,198. Tembo kanyanyua mkonga, nyuma yake mlima. Hiyo kweli ina thamani kubwa na ndiyo maana kila mwenye mashine kaitengeneza. Nililetewa picha na dalali mmoja hapa mjini, tembo anang'aa, akasema imetoka kwenye handaki la Mjerumani karibu na ziwa, na ukipita Bismarck Rock, lile jiwe la ziwani hapa Mwanza, kila mtu ana hadithi ya handaki. Nikamwomba aiweke kwenye mizani tu, video, sihitaji kingine. Ikasoma gramu 3.9. Ya kweli ni gramu 7.168 na upana milimita 22, dhahabu asilimia 75. Kipande cha shaba cha ukubwa ule kinakupa kama nusu, na ndicho alichokuwa nacho, kakipaka rangi ya dhahabu. Hapo hujafika hata kwenye lensi. Shida inakuja kwenye kopi zilizotengenezwa kwa dhahabu ya kweli, za kuvaa, hizo uzito unaweza kukaribia na maji yakakubali, na pale inabidi umlinganishe tembo na picha za zile zilizothibitishwa, mstari kwa mstari, yale mapambo ya pembeni yanaishia chini ya herufi gani ya OSTAFRIKA, mimi hapo sinunui bila mtu wa tatu.

Za shaba zina ugonjwa wao. Heller za Ukerewe na za mashambani huku Magu zinatoka ardhini na ukijani. Ukijani mgumu, wenye uso laini, uliotulia, wa kahawia-kijani, huo ni ngozi ya sarafu, uache hapo hapo, ndiyo uzuri wake na ndiyo ulinzi wake. Ukijani mwepesi wa unga unaofutika kwa kidole ukaacha kishimo chini, huo unakula, na hewa ya ziwa yenye unyevu inausaidia. Nilishashika ile heller 5 kubwa ya 1909, ile nzito ya gramu 20, nusu ya uso imeliwa na mashimo, mwenyewe alikuwa ameiloweka kwenye siki usiku kucha ili itakate. Ikatakata ikawa ya waridi. Shaba ya miaka mia na kitu haiwezi kuwa ya waridi, mtu yeyote wa sarafu akiiona tu anajua imeogeshwa tindikali.

Tufike kwenye gredi sasa, yaani kipimo cha hali ya sarafu, hapa ndipo watu wazima wanapoibiana kwa heshima. Dunia inatumia kipimo cha Sheldon, jamaa wa Marekani aliyekitoa 1949 kwa ajili ya senti kubwa za kwao, moja mpaka sabini, na wazo lake la mwanzo lilikuwa kwamba ya sabini ina thamani mara sabini ya ile ya moja. Kuanzia 60 kwenda juu ni sarafu ambayo haikutumika kabisa, 50 mpaka 58 imeguswa kidogo tu, ikishuka hapo ni viwango vya kuchakaa. Kati ya 58 na 63 bei inaweza kuruka vibaya wakati kwa macho ya kawaida zinafanana, na huo ndiyo uchochoro. Muuzaji ana sarafu iliyoguswa, anaisugua, inang'aa, anaandika "UNC", yaani haijatumika. Mng'ao wa kuzaliwa ukiizungusha sarafu chini ya taa moja unatembea, mwanga unazunguka kutoka katikati kwenda ukingoni na haukatiki hata ukipita sehemu zilizoinuka. Ya kusuguliwa mwanga umekaa palepale hauendi popote. Kwahiyo picha usikubali, omba video, tena dirishani mchana, mkono unainamisha sarafu polepole, siyo chini ya taa ya njano na filta.

Uchakavu unaanza sehemu zilizoinuka, kila sarafu na zake. Rupia angalia tai aliye juu ya kofia, shavu na masharubu. Shilingi ya simba angalia manyoya ya shingo na bega. Shilingi ya Nyerere angalia nywele juu ya sikio, na nyuma vidole vilivyoshika mwenge, vikishakuwa bapa acha habari za "mpya". Na usichanganye uchakavu na chapa hafifu. Sehemu ikiwa haina mistari lakini ina mng'ao ule ule wa jirani zake, hiyo ilipigwa vibaya tangu kiwandani. Ikiwa haina mistari na rangi imebadilika imefifia, imechakaa. Ile ya Tabora bila kujua hili utaidhulumu kila siku.

Kuna hizi zilizofungwa kwenye kasha gumu la plastiki na namba, za PCGS na NGC, kampuni za Marekani. Zikikuta sarafu imesafishwa au ilichomelewa hazikupi gredi kamili, zinaandika "details" na sababu, na neno hilo wauzaji wana tabia ya kulifunika na kidole kwenye picha, kweli nimeona. Makasha yenyewe pia yanatengenezwa feki. Ingiza namba kwenye tovuti ya kampuni, kama wana picha ya ile sarafu linganisha mkwaruzo kwa mkwaruzo, maana namba inaweza kuwa ya kweli na imeibiwa kwa sarafu nyingine.

Kidogo kuhusu hizi "error" zinazosambaa TikTok. Mia mbili iliyokanyagwa na treni siyo error. Sarafu iliyobanwa na jiriwa juu ya nyingine ikapata picha ya kinyume siyo error. Kosa la kiwandani linatokea wakati sarafu inapigwa, kwahiyo metali inakuwa imetiririka pamoja na chapa, lakini uharibifu wa baadaye unakuwa umepita juu ya picha iliyokwisha kuwepo na kuisukuma. Ukiona makali yaliyopinda na kuchubuka, mtu kafanya gereji.

Na zile za kale kabisa, vishaba vya masultani wa Kilwa na mfano wake, usinunue wala usiuze mtaani. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Rupia iko nje ya mwaka huo, ya Kilwa haiko nje.

Kutunza ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Shika ukingoni. Usisafishe. Narudia kwa wale wa Kirumba na Igoma wanaonitumia picha za kabla na baada, usisafishe. Kama kuna udongo, maji safi na kuacha ikauke juu ya kitambaa, bila kufuta. Vile vimifuko laini vya plastiki vinavyonuka vikiwa vipya, vingi vina PVC, aina ya plastiki, baada ya muda vinatoa ute wa kijani unaoshika kwenye fedha, ukiuona mapema asetoni safi inautoa, asetoni ya dukani kwa kemikali siyo ya kutolea rangi ya kucha maana ile ina mafuta na manukato. Bahasha za karatasi kavu zinatosha, na mahali pasipo na unyevu, siyo jikoni na siyo kwenye chumba cha nyavu.

Ukitaka nikuangalizie sarafu yako nitumie mbele, nyuma, ukingo kwa karibu, na mizani ikiwa inasoma. Ukinitumia mbele tu sitajibu, na ukiniuliza kama inavuta mchele pia sitajibu.